Shajara ya naroboti: Braunston mpaka Thrupp, mtu mmoja na mvua yake

Jumamosi, Braunston

Leo nimekabidhiwa boti. Ni naroboti, yaani boti nyembamba ya mifereji, ya chuma, urefu futi 50, upana futi 6 na inchi 10 kama wenzake wote wa huku, maana loki za mifereji hii ya katikati ya Uingereza zina upana wa futi 7 basi, ukishaingia humo unabakiwa na nafasi ya kupitisha kiganja kila upande. Loki kwa asiyejua ni chumba cha matofali chenye mageti mbele na nyuma, boti inaingia, unafunga, unajaza maji inapanda au unayatoa inashuka, ndo ngazi ya mfereji kupandia vilima.

Mpango wenyewe huu hapa. Nina likizo ya wiki 2, naiteremsha kwa Mfereji wa Oxford mpaka Thrupp, kijiji kilichopo kaskazini ya mji wa Oxford ambako nimepata pa kuifunga. Karibu maili 50, loki 34. Mwendo mwisho maili 4 kwa saa na ukipita boti zilizofungwa unapunguza mpaka injini inanong'ona, kwahiyo usipige hesabu ya gari. Nilikuwa niwe na mshkaji wangu, yeye ashughulike na mageti mi nishike kana, ule mti wa usukani, jana usiku kanipigia, shifti zake zimebadilishwa. Nikakaa nikafikiria dakika kama tano hivi, likizo ishasainiwa, boti ishalipiwa, nikasema naenda mwenyewe.

Mi ni dereva wa basi, na kabla ya basi ni mtoto wa Pangani, mjomba alikuwa nahodha wa jahazi la kubebea mbao na chokaa, kwahiyo omo, mbele ya chombo, naijua, tezi, nyuma yake, naijua, pondo la kusukumia nimelishika kabla sijashika kalamu. Ila mjomba alikuwa na mabaharia wanne. Mi nina kamba.

Aliyeniuzia alisema madirisha hayavuji. Tutaona, mvua inaanza kesho na utabiri wote wa wiki ni wingu na matone.

Jumapili, Braunston mpaka chini ya Napton

Hakuna loki leo, ndo maana nimeanza na kipande hiki, nijifunze kuendesha tu. Boti haikati kona kama basi. Basi linafuata tairi za mbele, boti inazungukia katikati ya tumbo lake, ukipeleka omo kulia tezi inaenda kushoto, na kana unaisukuma upande wa pili wa unakotaka kwenda. Saa moja ya kwanza niligusa kingo zote mbili. Baadae nikakumbuka mkia wa basi unavyojitupa nje ukikata kona ukiwa stendi, nikaanza kuiangalia tezi badala ya omo, mambo yakanyooka.

Mvua ilianza saa nne asubuhi. Sitaha yangu ya nyuma iko wazi, hakuna paa wala kibanda, unasimama pale umeshika kana kama askari wa lindo. Nikajifanya mjanja nikafungua mwamvuli, nikaubana kwapani, mkono mmoja kana mkono mmoja gia. Daraja la kwanza la matofali lilipokuja, haya madaraja ni ya upinde na ya chini kwelikweli, upepo ukaingia chini yake ukaunyanyua mwamvuli ukagota kwenye upinde, mi nikababaika nikaachia kana, boti ikalala mshazari chini ya daraja kama komeo la mlango. Mwamvuli niliuokota kwa pondo ukiwa mbavu nje. Kuanzia hapo ni koti la mvua, suruali ya mvua, gambuti, na kofia ya wavuvi chini ya kofia ya koti, maana kofia ya koti peke yake ukigeuza shingo unabaki unaangalia kitambaa.

Jambo la pili la leo ni majani. Oktoba miti yote ya kando inamwaga majani mferejini na mvua inayashusha zaidi, mfereji unakuwa kama mchuzi wa mchicha. Yanajikusanya kwenye propela, injini inalalamika, moshi unakuwa mweusi na boti haiendi. Mara ya kwanza nilidhani injini imekufa. Dawa yake unatia gia ya nyuma sekunde mbili tatu, unakoroga, yanatawanyika, unaendelea. Nimefanya hivo leo si chini ya mara ishirini.

Jumatatu, loki 9 za Napton

Hii ndo siku niliyokuwa naiogopa. Ngoja nieleze loki moja ya kupanda ukiwa peke yako kwenye mvua, nyingine zote ni hiyohiyo.

Unakuja taratibu mpaka kwenye gati ya chini ya loki. Unatoka nje na kamba ya kati mkononi. Hii imefungwa juu ya paa, katikati ya boti, na inatakiwa ifike tezi ulipo ila isiwe ndefu kiasi cha kuangukia majini na kuzungukwa na propela. Ukishika kamba ya omo, tezi inatoroka. Ukishika ya tezi, omo inaenda zake kukata mfereji. Ukishika ya kati, tani 15 hivi za chuma zinakufuata kama mbuzi. Unaizungusha mara moja kwenye nguzo, unapanda ngazi na hendeli mkononi, unaangalia loki imejaa au tupu. Ikiwa imejaa lazima uimwage kwanza, na maji yake sio kidogo, lita laki 1 na ushee kwa loki moja. Unafungua padeli, yaani vile vibao vya chini vinavyoziba matundu ya maji, vinapandishwa kwa meno na hendeli. Unasubiri. Mageti unayasukuma kwa mgongo na matako, mikono haitoshi, na miguu unaikaza kwenye zile tofali zilizoinuka kidogo ambazo walizijenga makusudi kwa kazi hiyo, leo nimewashukuru waliozipanga.

Sasa mageti ya chini yapo mawili. Unafungua la upande wako, af unatakiwa uvuke ukafungue la pili. Kuna watu wanaruka kutoka ncha ya geti moja mpaka lingine, nimeona kwa macho yangu mzee wa miaka sabini na kitu anaruka na sigara mdomoni. Mi siruki. Mbao zina utando wa kijani, zimelowa, chini ni maji yenye baridi ya friji na kuta zisizo na pa kushika, na hakuna mtu atakayejua nimeanguka mpaka boti inayofuata ije, nayo Oktoba huenda isije. Nazunguka kwa geti la juu lililofungwa, lile lina kibao cha kukanyagia na bomba la kushika. Hatua 60 za ziada kila loki. Sawa.

Unarudi, unaivuta boti ndani kwa kamba, mageti unafunga, kamba unazungusha juu, padeli ya juu unafungua nusu kwanza maana maji yakiingia kwa nguvu boti inarudishwa nyuma kwa kishindo. Baadae unafungua yote. Boti inapanda, unavuta kamba iliyolegea, inapanda, unavuta. Geti la juu, toa boti, ifunge gatini, rudi ufunge geti, shusha padeli, rudi kwenye boti.

Masaa matano na robo kwa loki tisa. Glavu nilizonunua zimeandikwa hazipitishi maji, loki ya tatu nilikuwa nazikamua. Pembeni ya loki za chini kuna shamba lina nyati wa maji wa kufugwa, wamesimama kwenye matope mpaka magotini wanatafuna na kunitazama, siku nzima hao tu ndo walioonekana kuridhika na hali ya hewa.

Nimelala Marston Doles. Sikula, nililala.

Jumanne, juu ya kilele, mpaka Fenny Compton

Maili 11 bila loki kutoka Marston Doles mpaka Claydon, na ukinyoosha mstari kwenye ramani utaona ni nusu ya hapo au chini. Mhandisi aliyeuanza mfereji huu ni James Brindley, na yeye hakupenda kukata vilima wala kujaza mabonde, alifuata usawa wa ardhi popote ulipokwenda, hata ukimzungusha. Alifariki 1772 na mfereji ukafika Oxford 1790, ila kona zake zipo vilevile. Kuna mnara wa mawasiliano niliuona mbele yangu, baadae kushoto, baadae kulia, baadae nyuma, af ukarudi mbele tena, nikaanza kuhisi nachezewa. Pale Wormleighton unauzunguka mlima karibu duara zima.

Mvua ya manyunyu, sio nyingi ila ndefu. Kona zote hizi kwa mtu mmoja maana yake huwezi kuachia kana hata kumimina chai. Nimejifunza kuweka thamosi katikati ya miguu na mkate mfukoni. Haja ndogo ni mada nyingine, niseme tu nilikuwa nangoja sehemu iliyonyooka kwa hamu ambayo sijawahi kuwa nayo kwa kitu chochote cha kijiografia.

Jumatano, sijaenda popote

Mvua kubwa na upepo. Naroboti haina mkuku wa kushika maji chini, ni kama boksi refu la bati juu ya maji, upepo ukiipiga ubavuni inateleza tu. Nikabaki.

Dirisha la pili kulia linavuja. Sio kidogo, godoro limelowa kona moja. Nimetoa fremu ya ndani, skrubu kumi na mbili, mbili zimekatika kwa kutu, nikakuta vijitundu vya kutolea maji chini ya fremu vimezibwa na uchafu, maji yakijaa kwenye reli hayana pa kwenda yanaingia ndani. Nimevizibua kwa waya wa hanga. Kumi alasiri lilikuwa kavu, saa mbili usiku likaanza tena ila tone moja moja. Nusu ushindi.

Kubwa zaidi la leo. Nilifungua sitaha niangalie injini nikakuta ngama, lile tumbo la chini ya injini, ina maji ya kina cha kiganja. Pampu ya ngama ina boya lake, maji yakipanda boya linanyanyuka linawasha pampu, sasa jani moja, jani moja bana, lilikuwa limelibana boya lisinyanyuke. Mvua inaingia kati ya mbao za sitaha, na ile sehemu ambayo shafti ya propela inapitia nayo ilikuwa inadondosha, sikuwa nimekaza grisi tangu Jumamosi. Kumbe kila jioni unatakiwa uzungushe kile kikombe cha grisi mpaka matone yakome. Hakuna aliyeniambia. Sasaivi nimeandika kwa maka peni ndani ya mlango: GRISI, NGAMA, MAKAA, KENGELE YA GESI. Ya mwisho ni kile kidude cha kupiga kelele gesi ya makaa ikijaa ndani, na siku ya mvua ndo unafunga madirisha yote na jiko linawaka, kwahiyo siku ya mvua ndo ya kuhakikisha betri yake.

Alhamisi, Claydon

Nimechelewa kuandika hii, mikono ilikuwa inatetemeka.

Claydon kuna loki 5 na ndo unaanza kushuka. Kushuka kwa mtu peke yake ni rahisi kuliko kupanda, boti iko usawa wako, unaingia nayo, unatoka kwa mguu, unafunga nyuma. Hatari yake ni moja tu inayojulikana na kila mtu, kizingiti. Chini ya geti la juu kuna kizingiti cha mawe kinachotokeza ndani ya loki, huwezi kukiona loki ikiwa imejaa, kuna mstari mweupe pembeni unaokuonesha kinaishia wapi. Boti ikirudi nyuma ya mstari, maji yakishuka tezi inakaa juu ya kizingiti, omo inaendelea kushuka, inaingia maji. Boti zimezama hivo. Kwahiyo mi akili yote ilikuwa kwenye mstari mweupe.

Loki ya tatu upepo ulikuwa unaisukuma boti nyuma, kuelekea kizingiti. Nikaivuta mbele, na ili isirudi nikaifunga kamba ya kati kwenye nguzo. Nikaifunga, sio kuizungusha. Fundo. Fundo la Pangani, lile ambalo mjomba alikuwa anasema likikazwa na maji hata shetani halifungui.

Nikaenda kwenye padeli za chini, nikafungua moja, nikafungua ya pili, mvua inapiga kofia siwezi kusikia kitu. Nikawa nasugua mikono. Kilichonishtua ni sauti ya vyombo. Sufuria zinateleza kabatini. Nikageuka naona boti imeinama ubavu, paa linaniangalia, na kamba imenyooka kama msumari kutoka nguzoni mpaka katikati ya paa, inalia. Maji yanashuka na boti imening'inia kwa kamba yangu mwenyewe.

Fundo halikufunguka, sikujaribu hata mara mbili. Nilikimbia kwenye padeli, nikatoa kile kidole kinachoshika meno nikaiachia ianguke, nikavuka kwa geti kwenda ya pili, na nakiri hapo sikuzunguka, nikaiachia nayo. Maji yakasimama. Boti ikabaki imeinama vilevile, haizami, hainyooki. Nikatembea, safari hii natembea, mpaka padeli ya juu, nikafungua robo, maji yakaanza kurudi, kamba ikalegea kidogo kidogo na boti ikajinyoosha taratibu kama mtu anaamka. Ndani sahani tatu zimevunjika, jiko halikumwaga makaa, Mungu mkubwa, dimbwi la chai chini kwenye zulia.

Kamba niliikata kwa kisu nikiwa nimeshakaa chini. Ningekuwa na kisu mfukoni tangu mwanzo badala ya dro la jikoni, ingekuwa sekunde mbili. Sasaivi kipo kwenye mkanda. Na kamba ndani ya loki haifungwi, inazungushwa nguzo mara moja na ncha inabaki huru au mkononi. Nilikuwa naijua hiyo. Jumatatu loki tisa zote nilifanya hivo, ni kwa sababu kamba ilikuwa inapanda na mi nilikuwa nimeishika. Leo nilikuwa na baridi nikataka mikono yangu.

Ijumaa, Cropredy

Loki nne na kijiji. Nimeunganisha kamba, kwa kusokota nyuzi ndani ya nyuzi alivyonifundisha mjomba, sio fundo. Imekuwa fupi kwa mita moja hivi, bado inafika tezi.

Jumamosi na Jumapili, Banbury

Jua! Masaa mawili. Nimetundika kila kitu nje, boti ilikuwa kama soko la mitumba.

Mfereji Banbury unapita katikati ya maduka makubwa, na humohumo ndani kuna Tooley's, karakana ya boti iliyopo tangu 1790 na gudi lake la kukaushia boti bado linafanya kazi, ukuta wa pili watu wananunua viatu. Nimenunua magunia mawili ya makaa na glavu za wavuvi, zile za mpira nene zenye pamba ndani. Zingine zote ni hadithi.

Jumatatu, mpaka Nell Bridge

Madaraja ya kuinua. Mengi kwenye mfereji huu yanaachwa wazi, ashukuriwe Mola, ila leo nimekutana na moja limefungwa. Ni daraja la mbao la mkulima, lina mti mkubwa wa mizani unaouvuta chini, daraja linanyanyuka. Sasa mti huo upo upande wa pili, sio upande wa njia ya miguu ambako unashukia na boti. Fikiria mwenyewe: nafunga boti upande huu, navuka kwa daraja, nalinyanyua, sasa mi nipo ng'ambo na boti ipo huku na daraja la kurudia ndo nimelinyanyua. Na ukiuachia mti, daraja linashuka.

Nilikaa juu ya ule mti kama kuku nikitafakari, mvua inaninyea, mpaka akatokea mama mmoja na mbwa wawili. Hakuuliza kitu. Alinipa kamba za mbwa, akaona haifai, akazichukua tena, akakaa yeye juu ya mti wa daraja na mbwa pembeni, akaniambia nenda. Nikaenda. Nilipopita akapunga mkono na daraja likashuka nyuma yangu. Watu waliojitengenezea njia ya kulivuka peke yao wapo, kwa kamba ndefu na pondo la kushindilia, nitajifunza siku nyingine isiyo na maji.

Barabara kuu ya M40 inakwenda sambamba na mfereji hapa, usiku kucha malori.

Jumanne mpaka Jumamosi, Nell Bridge, nyekundu

Hapa ndo mradi umesimama. Mbele kidogo, kabla ya loki ya Aynho, mto Cherwell unaukata mfereji. Sio kwa daraja, unaukata hasa, maji yake yanaingia upande mmoja yanatokea upande wa pili, na boti inatakiwa ipite katikati yao. Kuna ubao wa rangi, kijani pita, njano fikiria, nyekundu baki ulipo. Mvua yote niliyokuwa nayo mgongoni wiki nzima imeteremka mabondeni na sasa inapita hapo mbele, rangi ya chai ya maziwa, na ubao ni nyekundu.

Jumanne nilikwenda kuuangalia mara nne. Jumatano mara mbili. Kuna jamaa na mkewe nyuma yangu wana boti ya futi 70, wao wamefungua kadi wanacheza tangu Jumapili.

Jioni nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ni mvua naisikia?"

"Inapiga bati."

"Ulaya kuna nyumba za bati?"

Nikamweleza tena kuhusu boti, mara ya tatu nadhani. Akasikiliza. Akauliza ina choo? Ina. Akauliza maji yana mkondo? Nikamwambia ndo shida yenyewe, mto umejaa nimekwama na likizo inaisha Jumapili. Akacheka. "Mjomba wako amewahi kukaa Pemba siku kumi na moja anangoja upepo, mke wake anajifungua huku. Aliporudi mtoto kashapewa jina. Wewe una jiko."

Nina jiko kweli. Nikaipika mbaazi.

Jumapili saa zimerudishwa nyuma, sasa saa kumi na moja jioni ni giza. Likizo imekwisha. Boti nimeifunga kwa vigingi vya chuma vinne badala ya viwili, kamba nimeziachia ulegevu kwasababu maji yakipanda kamba fupi inafanya kilekile cha Claydon, na nimetembea mpaka stesheni ya King's Sutton na begi. Wiki nzima naendesha basi Oxford nikiwa nacheki arifa za mto kwenye simu kila nikifika mwisho wa ruti.

Jumamosi, Novemba, kijani

Nimeshuka treni saa mbili kasoro, nimekwenda ubaoni kabla hata ya kwenda kwenye boti. Kijani, kwa vidole viwili tu.

Jaketi la kuokolea. Nanga na mnyororo wake juu ya omo, tayari, maana kwenye mfereji injini ikizima unasukuma na pondo ila kwenye mto unaondoka na maji. Nikashuka loki ya Nell Bridge, na ule mkondo unausikia kwanza kwenye kana kabla ya kuuona, inakuwa nzito mkononi ghafla. Omo ikaingia kwenye mto ikaanza kwenda nao, nikaongeza mafuta, nikaielekeza omo juu zaidi ya ninakotaka kwenda kama vile mtumbwi unavuka Pangani kwenda Bweni, unalenga juu mto ukushushe pale unapotaka. Sekunde labda thelathini. Nilikuwa naimba, sijui wimbo gani.

Loki ya Aynho ni ya ajabu, ni pana, ina umbo la almasi, na inashuka futi moja tu. Niliona ujinga mpaka nilipofika inayofuata. Somerton inashuka futi 12, inakunywa maji mengi kila ikijazwa, kwahiyo loki ndogo ya juu yake ikajengwa pana ili kila boti ipitishe maji mengi zaidi kwenda chini. Futi moja kwa upana inasaidia kufidia futi kumi na mbili kwa wembamba. Nimesimama pale nikiwaza hesabu hiyo mpaka nikasahau kufunga geti, nikarudi.

Somerton yenyewe ni shimo. Unaposhuka kuta zinapanda, nyeusi, zinachuruzika, na nyumba ya loki pembeni haina hata barabara ya gari. Kamba ikawa fupi, ile mita niliyoipoteza Claydon ikanidai hapa. Sikuifunga. Niliiacha ncha juu ya paa, nikashuka ngazi ya chuma iliyolowa, mguu mmoja, mkono mmoja, hendeli kwenye mkanda, nikaanza kufikiria jinsi ilivyo na utelezi nikaacha kufikiria. Geti la chini ni moja tu na ni zito, nilikuwa nimeshalifungua kabla sijashuka. Nikatoka nayo polepole kwenye mwanga.

Lower Heyford saa kumi na robo, giza linaingia.

Jumapili, Thrupp

Loki 5, na kati ya zile za Baker's na Shipton Weir mfereji unaingia ndani ya mto Cherwell kabisa kwa kama maili moja, unapinda nao. Ubao njano. Nilikaa nusu saa, nikauliza boti iliyokuwa inapanda wakasema kona moja tu ndo kali, kaa nje. Nikakaa nje. Shipton Weir nayo ni almasi, nikaisalimia kama namjua mtu.

Mvua ilianza tena maili ya mwisho, sikuvaa hata kofia. Nimefunga saa tisa na dakika arobaini. Grisi nimekaza, ngama nimeangalia, makaa yamewaka. Dirisha la pili kulia linadondosha, nimeweka ile sufuria iliyobonyea Claydon. Wiki ijayo nitatoa fremu nzima na kununua kamba mpya, mita 15. Kesho naanza shifti saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kamba ya zamani nimeitundika bafuni, mpaka sasa inachuruzika.